Ndimu za Mama Mkwe

Siku hizi, kwenye nyumba yenye mjamzito, choo ndicho daktari, na milango hukitii.

Asubuhi moja kikasema, "Mwanahawa, bakteria wabaya wamezidi ukeni. Meza vidonge siku saba, usije ukajifungua kabla ya wakati. Nani anakuosha kwa ndimu?"

Mama mkwe, aliyetoka Pangani kuja kuniangalia, akajibu, "Mimi. Nilidhani namsafisha."

"Nimeandika," choo kikasema.

Tangu siku hiyo mlango wa bafu haumfungulii. Kila asubuhi husimama nje na kuuliza taratibu, "Umemeza, mwanangu?"

"Nimemeza, mama."

Leo mafundi wamekuja kufunga mlango wa chumba cha mtoto. Ni wa aina ileile, unaokitii choo. Mama mkwe amewapelekea chai.