Aitwe Tu

"Siku tatu bila kulala," mzee alisema. "Iandike hiyo."

Mama Sivii aliacha kuchapa, akamkodolea macho. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu wasifu wa kuombea kazi, na sifa zilishavuma mtaa mzima kwamba karatasi ikipita mkononi mwake, hata goigoi anaitwa kwenye usaili.

"Mzee wangu, benki ya uwekezaji si mashindano ya kukesha. Wanataka kujua kijana aliuza nini, aliokoa nini, aliingiza nini. Kukosa usingizi kwao ni jambo la kawaida, hakuna wa kukupigia makofi."

"Najua," mzee alisema.

Alikuwa mstaafu wa posta, mtu wa shati la kupigwa pasi, na wiki nzima alikuwa akipanda ngazi za ofisi ya Mama Sivii kila asubuhi mara tu duka la dawa la chini linapofunguliwa. Kijana mwenyewe hakuja hata mara moja. Mama Sivii hakushangaa. Siku hizi watoto wanatafutiwa kazi na wazazi kama wanavyotafutiwa wachumba.

Badala ya kijana ilikuja picha yake. Benki hazitaki picha, Mama Sivii alieleza mpaka akachoka, lakini mzee aliiegemeza kwenye printa. "Ili ujue unamwandika nani," alisema. Kijana mwembamba, tabasamu la upande mmoja.

Mama Sivii hakuwa mwoga, ila picha ile ilimkosesha raha. Akisogea dirishani, inamtazama. Akiipa mgongo, shingo inamsisimka. Mchana mmoja aliifunika kwa kitambaa apate kula, kisha akaona haya, akaifunua.

"Ukurasa mmoja tu," alimweleza mzee. "Anayezichambua karatasi hizi ana rundo mbele yake. Anatupa jicho: chuo gani, alama gani, kazi gani kubwa. Basi. Ukimjazia maneno, umekwisha."

"Kwa hiyo hasomi yote?"

"Thubutu!"

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama aliyethibitishiwa habari mbaya.

"Sasa hapa pana shimo." Mama Sivii aligonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Alipomaliza chuo alikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kwa nani?"

"Hapo paache."

"Mzee, mficha uchi hazai. Niambie mimi kabla hawajakuuliza wao. Alifukuzwa?"

"Hakufukuzwa. Walimpenda mno. Hawakutaka aondoke hata kwenda kulala kwa mama yake. Andika alichofanya. Alikofanyia usiandike."

Akaanza kumtajia. Kijana alipiga hesabu za thamani ya kiwanda cha saruji, kikauzwa kwa bei iliyowashangaza wenyewe. Alibeba kazi za wenzake wawili walioacha. Mzee aliyasema hayo yote bila kusita, kwa kichwa, macho yakiwa kwenye picha, na Mama Sivii akayakata, akayanyoosha, akayapa namba mpaka ukurasa ukapendeza. Kazi nzuri, alijisifu moyoni. Huyu asipoitwa, nafunga ofisi.

"Tuipeleke benki nne au tano," alisema.

"Moja tu." Mzee akaitaja.

"Makubwa! Ile ya jengo la vioo? Si bora tujaribu na nyingine? Wakimkataa je?"

Mzee aliinyoosha picha ya kijana pale ilipoegemea. "Nataka hao wamwite. Aitwe tu, mama. Sina ombi lingine duniani."

"Ataitwa, na kazi atapata."

"Kazi sitaki."

Mama Sivii alicheka. Wazazi hawa! Leo kazi hawataki, kesho wanadai mtoto awe meneja.

Namba ya simu mzee alikataa kuweka yake, ikawekwa ya ofisi. Kwa hiyo akawa anakuja kuisubiri. Anakaa kwenye kiti cha wateja, haulizi kitu, chai anayopewa inapoa. Simu ikilia anashtuka mwili mzima, na Mama Sivii, ambaye alikuwa hasali sana, alijikuta akiomba kimoyomoyo wapige, hata kama ni kwa huruma.

Wakapiga.

Sauti ya binti, changamfu, ikimwulizia kijana. Mama Sivii aliifungua spika upesi. "Baba yake yuko hapa, anakusikia!"

"Hongera, baba! Wasifu wa kijana wako umetufurahisha kweli. Hasa mambo ya kiwanda cha saruji. Mkuu wa kitengo ameupitia mwenyewe, anasema kijana wa namna hii hajawahi kumpata. Tunaomba aje Jumatatu."

Mama Sivii alipiga kigelegele kilichowatoa nje watu wa duka la dawa. Alipogeuka, mzee hakuwa ameinuka. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola ya shati. Mwache alie, Mama Sivii aliwaza, furaha nayo ina machozi yake.

"Binti," mzee aliiambia simu, "mkuu wako ni yule mrefu, mwenye upara?"

"Ndiye huyo! Kumbe mnafahamiana?"

"Tulionana mara moja. Mwambie kijana hataweza kuja. Alikufa mwaka jana, humohumo ofisini kwenu, kwenye kiti chake."

Mama Sivii aligeuka kuitazama picha.

"Mkuu wako alikuja makaburini," mzee alisema. "Alitupa udongo kwa mkono wake mwenyewe, akatuambia hatamsahau maisha yake yote."