Mpini wa Nyundo ya Baba

Kiwanda kikongwe cha nyundo kilikuwa njiani, tukasema tuchungulie kidogo kabla ya kuendelea na safari. Kumbe Mama alikuwa na lake. Aliteremka garini na nyundo ya marehemu Baba, mpini umebonyea pale kidole gumba chake kilipozoea kukaa.

Tangu atutoke, hakuna aliyethubutu kuigusa, hata Mama mwenyewe.

"Mpini huu umekwisha, mama," fundi akasema. "Nitakuchongea mwingine. Ila hapa tunapima kwa kiganja cha mwenyewe. Mwenyewe nani?"

Kaka akanyoosha mkono kama bibi harusi anayesubiri pete.

Mama akamsukuma kwa kiwiko, akafuta kiganja kwenye gauni.

"Pima hiki," akasema. "Na usikawie, nina misumari inanisubiri."