Saa Tisa ya Zabuni

Sheria inasema anayechelewesha zabuni, nyumba yake nayo itacheleweshewa huduma zote kwa muda uleule, mpaka rufaa yake isikilizwe. Shomari aliwasilisha zabuni ya madawati saa tisa alasiri, kwa kuwa tangazo lilisema saa tisa tu. Mtambo wa serikali ukamjibu kwamba saa tisa iliyotangazwa ni ya Kizungu, yaani saa tatu asubuhi. Amechelewa saa sita.

Tangu hapo maji na umeme hufika nyumbani kwake saa sita baada ya majirani. Mkewe, Hidaya, huwatania watu kwamba wao wamehamia Brazili, ambako jua huchomoza saa sita baadaye.

Leo alfajiri uchungu ukamshika Hidaya. Shomari akapiga simu zahanati.

"Mkunga yupo, kaka," dada wa mapokezi akasema kwa upole. "Ila mtambo hauniruhusu kumtuma kwako kabla saa sita hazijapita."

"Mke wangu hakuomba zabuni yoyote."

"Najua, kaka yangu. Poleni."

"Wamesemaje?" Hidaya akauliza kutoka kitandani.

"Mkunga anakuja."

"Kwa saa za nani?"

Shomari akaketi, akamshika mkono.

"Zetu," akasema.

Hidaya akageukia ukutani, akauma upindo wa kanga.