Talaka Tatu za Miza

Mume wa Mardhiya alipompa talaka, ukumbi mzima uliangua kicheko. Watu walipigana mabega. Mtu mmoja alimwaga bisi zake zote.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, na filamu ndiyo kwanza inaonyeshwa Bagamoyo. Ilitokana na riwaya ambayo nusu ya wanawake wa mji walikuwa wameiazimana mpaka kurasa zikalegea: mwanamume anamwacha mkewe Miza kwa sababu ya wali ulioungua, anajuta kabla hajafika mlangoni, kisha anamaliza kitabu kizima akimbembeleza arudi. Mume alichezwa na Hamoudi. Miza alikuwa Mardhiya, mkewe Hamoudi wa ndoa kabisa, mwaka wa tisa huo. Dairekta alisema hajapata kuona wawili waliozoeana namna ile.

Mardhiya alikaa safu ya mbele, mikono mapajani. Alijiona anaachwa, akajiona anarudi. Hakusikia chochote moyoni.

Shida ilianza filamu ilipokwisha. Siku hizi wanapenda kuonyesha mwishoni vile vipande vilivyoharibika. Kikatokea cha wali. Hamoudi anasema kwa sauti, "Miza, nakupa talaka!" Mardhiya anatakiwa ajibu neno moja tu, "Haya." Anabaki kimya, amekodoa macho. Wanarudia. "Miza, nakupa talaka!" Kimya. Wanarudia tena, ndipo ile "Haya" inatoka.

Watu walikuwa hoi kwa kucheka. Bi Batuli, shangazi yake Hamoudi, hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Simamisheni hiyo mashine!" alisema akiinuka. "Hamoudi, umemwacha mara tatu! Talaka haina mzaha, hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo!"

Kicheko kilikatika. Wote mle ndani walikuwa wamefundishwa hivyo tangu wadogo: neno hilo likimtoka mume kwa mkewe, hata kwa utani, limeshatoka. Likitoka mara tatu, hakuna tena kurudiana.

"Ulikuwa mchezo, shangazi," Hamoudi alisema. "Na mwenzangu ulimi ulimfia kwa kuliogopa neno lenyewe. Si mmeyaona macho yake?"

Waliyaona. Walimhurumia sana.

Siku hiyo hiyo Mardhiya alifunga nguo zake, akaenda Kerege kwa kaka yake, Sadallah. Huyu ni mtu ambaye siku nyingine zote alikuwa akimrudisha kwa mumewe hata chai haijapoa. Safari hii alimtandikia kitanda. Mpaka sheikh atoe jibu, alisema, dada yake hawezi kulala nyumba moja na mtu asiyejulikana kama ni mumewe au si mumewe.

Zikapita siku tisa. Mardhiya alilala usingizi mrefu, akaamka, akala, akalala tena. Hakulia hata mara moja. Alikuwa amekufa ganzi, na ganzi yenyewe haikuanza juzi. Wifi yake, Hajra, aliwaambia majirani kwamba huzuni isiyotoa machozi ndiyo mbaya kuliko zote.

Hamoudi alikuja kila siku, akasimama nje, kwa kuwa ndani hakuruhusiwa. Siku moja alileta halua, siku moja kuku, siku moja aliimba. Yote aliyoyafanya kwenye filamu aliyafanya upya, ila sasa alikuwa analia kweli, na watu wa Kerege wakamcheka vilevile. Masikini, hakuwa na njia nyingine anayoijua. Mardhiya alimtazama kupitia dirishani kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani.

Siku ya kumi walikaa mbele ya Sheikh Abdulazizi, nyumbani kwake Bagamoyo.

"Nimekitazama kipande chenu mara nne," sheikh alisema. "Mungu anisamehe, mara zote nne nimecheka. Nina swali moja. Hamoudi, ulisema nani nakupa talaka?"

"Miza, sheikh."

"Na mkeo anaitwa nani?"

"Mardhiya binti Ally."

"Basi. Wewe ulikuwa unasimulia maneno ya mtu wa kitabuni, anamwambia mke wa kitabuni. Ungetaja Mardhiya, wallahi nisingethubutu kukusaidia, hizo tatu zingekuwa zako. Lakini hapa hakuna talaka. Mchukue mkeo mwende nyumbani."

Hamoudi alisujudu pale pale. Bi Batuli, aliyeyazusha yote, ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza. Sadallah alijifuta jasho. Mardhiya alibaki amekaa vilevile, na kila aliyemwona alidhani furaha imemzidi.

"Sasa sheikh," Hamoudi alisema, ucheshi umeshaanza kumrudia, "na sehemu ya pili je? Wenye filamu wananipigia simu kila siku. Wanataka Miza aachwe tena, watu ndicho wanachokipenda. Nilikataa kwa hofu."

"Maadamu ni Miza, hayo ni yenu," sheikh alijibu akitabasamu. "Lakini mwenzako umemuuliza? Baada ya kitisho chote hiki?"

Wote wakamgeukia Mardhiya. Hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi.

"Mimi nipo tayari," alisema. "Ila jina la Miza halinikai. Safari hii mke aitwe Mardhiya."