Egemeo la Mukau

Mwelu alipokwisha kupotea kwenye kona ya njia iendayo soko la Mitaboni, kikapu cha ndengu mkononi, Nzuki aliingia chumbani mwa binti yake kama mwizi na kufungua kasha la fidla. Fidla yenyewe hakuigusa. Alichotaka ni egemeo, kile kipande cha mti kinachokaa kati ya fidla na bega la mpigaji. Akatoa msasa mfukoni, akalisugua taratibu, sikio likiwa langoni. Akapuliza vumbi, akapaka nta ili mti uliochubuliwa usionekane, kisha akalirudisha lilipokuwa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya sita.

Egemeo alikuwa amelichonga mwenyewe. Wakati huo Mwelu alikuwa shule ya bweni, naye alitaka akirudi alikute tayari. Basi akajipima mbele ya kioo, fidla ya kuazima chini ya kidevu na rula mkononi. Wachongaji wenzake nusura wavunjike mbavu.

"Nzuki, wewe hata shingo huna! Kichwa imekalia mabega. Hiyo kitu utashikilia wapi?"

Yeye akachonga tu. Lilikuwa la mti wa mukau, akaling'arisha mpaka likawaka. Kanisa zima lililiona, na yeyote aliyechelewa kuliona, Nzuki alimfuata akamwonyesha.

Mwaka wa pili wa kulitumia, maumivu yakamwanza Mwelu. Kwanza shingo, halafu bega la kushoto, halafu ganzi iliyoshuka mpaka vidoleni. Na ni wakati huohuo habari zilipokuja kwamba okestra ya vijana ya Nairobi inatafuta mpiga fidla mmoja, na kwamba atakayechukuliwa atasomeshwa muziki bure. Zilibaki wiki saba kabla ya usaili. Mwelu hakuwa na ndoto nyingine.

Nzuki akampeleka kliniki mjini. Daktari wa viungo, mama mmoja aitwaye Peris, alimwambia Mwelu apige kidogo. Akatazama jinsi bega lilivyopanda kulielekea sikio. Akalichukua egemeo, akaligeuzageuza.

"Shida ni hii kitu," alisema. "Haikupimwa kwa mwili wake. Nani alitengeneza?"

Uso wa Nzuki uliwaka moto. Akatoa simu ambayo haikuwa imelia, akaiweka sikioni, akatoka nje.

Mwelu alipotoka alikuwa akitazama viatu vyake.

"Amesemaje, mwaitu?" Alimwita hivyo, yaani mama kwa Kikamba, kwa kuwa binti huyo alipewa jina la mama mzazi wa Nzuki.

"Ati nipumzike tu, Baba. Itaisha."

Nzuki alijua anafichwa. Mtoto mwenye adabu hamwambii baba yake kwamba ndiye anayemuumiza. Wala hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amejipima bega la mwanamume mzima, kisha akambebesha msichana. Ni sawa na kumvisha mtoto viatu vya babake.

Angeweza kusema, "Nilikosea kipimo, nitachonga lingine." Lakini angewaambia nini wale wote aliowaringia? Mdomo ukawa mzito. Akaona heri alipunguze kidogokidogo, pasipo mtu kujua, mpaka limtoshe.

Jambo la ajabu ni kwamba kila alipomtazama akifanya mazoezi, aliona bega limepanda zaidi chini ya blauzi. Basi Jumatatu iliyofuata alisugua zaidi. Asubuhi moja alimwona akinyanyua kikombe cha uji kwa mikono miwili, naye akausukuma kando uji wake. Siku nyingine alimkuta akikata leso kuukuu ya marehemu bibi yake.

"Nashona kitu," Mwelu alisema, akaificha haraka. Nzuki hakuuliza. Mwenye siri haulizi siri za wengine.

Siku ya usaili alingoja nje ya ukumbi, chini ya dirisha. Alikuwa ameapa kwamba Mwelu akichukuliwa, atamwambia yote, nao watacheka. Fidla ilianza vizuri, safi kabisa, mpaka mlinzi wa lango akazima redio yake ili asikilize. Kisha noti moja ikateleza. Ya pili ikateleza. Halafu kimya, na sauti ya mtu ikisema asante, inatosha.

Mwelu akatoka, vidole vya mkono wa kushoto amevishika kwa mkono wa kulia.

"Vimekufa ganzi, Baba. Vimekataa kabisa."

Wakaketi ukutani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sasa hakikuwa kifo chake yeye.

"Mwaitu, nisamehe," alianza. "Lile egemeo..."

"Hapana, Baba. Ni mimi nimekukosea." Mwelu aliingiza mkono chini ya kola, akafungua pini, akavuta leso ya bibi yake, imekunjwa ikawa nene kama Biblia. "Daktari alisema egemeo ni fupi sana, na shingo yangu ni ndefu, ndiyo maana nainua bega. Lakini nikaona vile unalipenda. Nikaogopa utaumia. Nikaanza kuweka hii ndani ya blauzi. Mara ya kwanza mkunjo mmoja tu. Leo ni saba, na bado haifiki."

Mkono wa Nzuki ulikuwa mfukoni, umeushika msasa.

"Lakini hebu niambie, wewe ni fundi," Mwelu alisema, akifuta machozi kwa pembe ya leso. "Kwani mukau hupungua ukikaa? Maana kila Jumatatu nikitoka sokoni, lazima niongeze mkunjo mmoja."