Hodi Pangoni

Siku hizi mchezaji akifa, mhusika wa mchezo wa kompyuta hurithi tabia na sauti yake. Ndiyo maana, katika sehemu ya pili ya mchezo wetu wa mazimwi, shujaa wangu alikuwa akipiga hodi katika kila pango, kama alivyofanya marehemu kaka yangu Mbaruku tulipocheza ile ya kwanza mkekani kwa mama. "Hata zimwi lina kwake," alikuwa akisema.

Wachezaji wengine wakalalamika: "Hodi za nini? Anatuamshia mazimwi!" Niligombana nao wee, lakini kura zao zilishinda, na Mbaruku akaondolewa kwenye shujaa.

Leo shujaa ameingia pangoni kimyakimya, na sauti si ya Mbaruku tena. Nikaita mwenyewe, "Hodi!"

"Karibu, dada," zimwi likajibu kwa sauti ya Mbaruku. "Upanga uache hapo mlangoni."