Wimbo wa Lazaro Kwenye Televisheni

Sebule ya Mama Perpetua ilijaa majirani jioni ile, kwani kituo kipya cha muziki kilikuwa kimeahidi kuonyesha wimbo wa mwanawe, Lazaro. Kituo kile kilionyesha Wazungu kutwa kucha. Hakuna mtu mweusi wa mji ule aliyewahi kutokea humo.

Wimbo ukaanza. Sauti ilikuwa ya Lazaro kabisa, na wanawake wakapiga vigelegele. Lakini kwenye kioo alikuwa msichana wa Kizungu akikimbia ufukweni, nywele zikipeperuka.

"Mbona wewe huonekani?" mama akamuuliza Lazaro, aliyeketi kando yake.

"Sijui, mama. Walinipiga picha mchana kutwa." Lazaro akashusha sauti. "Halafu mkubwa wao akasema watazamaji hawajazoea."

"Hawajazoea nini?"

Lazaro akamwonyesha kioo kwa kidevu. Msichana alikuwa sasa anacheka ndani ya gari. Kisha vidole vyeusi vikapita juu ya piano, mara moja tu, vikapotea.

"Mikono yake ile!" jirani mmoja akasema. Hakuna aliyeshangilia.

Lazaro akainuka kwenda kuzima televisheni. Mama akamshika shati.

"Kaa. Bado unaimba."

Akakaa. Majirani wakainamisha macho, wengine wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Mama akapiga magoti mbele ya kioo, akalaza shavu kwenye ukingo wake, akachungulia pembeni kama anayemtafuta mtu nyuma ya picha, huku sauti ya mwanawe ikiendelea kuimba.